Lisemwalo Lipo? Mahakama Inavyolisoma Tangazo la Tahadhari

Tangazo lenyewe kila msoma magazeti analijua. Limekaa chini ya ukurasa, limezungushiwa mstari mnene, juu yake picha ya pasipoti ya kijana aliyefunga tai. Chini ya picha: "TAHADHARI KWA UMMA. Ndugu ambaye picha yake inaonekana hapo juu si mfanyakazi wetu tena kuanzia tarehe 1 ya mwezi huu. Haruhusiwi kupokea fedha wala kufanya shughuli yoyote kwa niaba ya kampuni. Atakayefanya naye biashara atakuwa amefanya hivyo kwa hasara yake mwenyewe." Basi. Hakuna neno wizi, hakuna neno utapeli, polisi hawakutajwa.

Sasa mpelekee gazeti hilo mzee anayekunywa kahawa yake kijiweni. Ataitazama picha, atasoma mistari miwili, atalikunja na kusema: "Huyu kapiga hela." Na wa pembeni yake atadakia: "Tena nyingi. Zingekuwa ndogo wasingelipia tangazo."

Kijana akienda mahakamani kudai kuwa amechafuliwa jina, kampuni itauliza: tuonyesheni neno la uongo hapo. Kazi ameacha, kweli. Hana ruhusa ya kupokea fedha zetu, kweli. Kila mstari ni kweli, na bado mzee wa kahawa ameondoka akiamini kuwa kijana ni mwizi. Maana hiyo imetoka wapi? Na mzigo wake abebe nani, aliyeandika au aliyesoma?

Majaji wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya miaka 140, na hawajawahi kulimaliza. Mengi ya majibu yao yametoka Uingereza, kwa sababu sheria ya kashfa ya Kenya na ya Tanzania ilichipukia huko, na mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam wanazinukuu kesi hizo hadi leo.

Wengi wetu hukosea hapa mwanzoni. Tukisikia kesi ya kashfa tunakimbilia kuuliza: ni kweli au si kweli? Jaji haanzi hapo. Anaanza na maana. Maneno haya, yakisomwa na mtu wa kawaida, yanasema nini? Mpaka hilo lijibiwe, hakuna anayejua ni kitu gani kinatakiwa kuthibitishwa kuwa kweli. Kama tangazo linasema "ameacha kazi", kampuni italeta barua ya kuacha kazi na kesi imekwisha. Kama linasema "ni mwizi", barua hiyo haina msaada wowote. Italazimika kuleta ushahidi wa wizi.

Huyo mtu wa kawaida ni kiumbe wa kubuni. Si wakili anayepima kila nukta, wala si mshakunaku anayetafuta baya kwenye kila salamu. Anasoma mara moja, anasoma tangazo zima, na anaelewa yale ambayo watu huelewa. Mwandishi alikusudia nini si hoja katika hatua hii. "Sikuwa na maana hiyo" ni utetezi wa mke na mume, si wa mahakamani. Zamani Uingereza kazi hii iligawanywa: jaji aliamua kama maneno yana uwezo wa kubeba maana mbaya, kisha juri, yaani raia wa kawaida walioitwa kusikiliza shauri, wakaamua kama kweli yameibeba. Kwetu hakuna juri katika mashauri ya madai. Jaji wa Mahakama Kuu anakuwa mzee wa kahawa na jaji kwa wakati mmoja, na si kazi rahisi kwa mtu ambaye miaka yake yote amefundishwa kusoma kama wakili.

Kesi inayotajwa mara nyingi katika habari hizi ilizaliwa Chichester, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, mwaka 1878. Henty & Sons walikuwa watengenezaji wa bia, wenye baa walizopangisha kwa watu. Wapangaji waliwalipa kwa hundi, na baadhi zilikuwa za Capital and Counties Bank. Henty wakazoea kuzivunja zote katika tawi la benki hiyo lililokuwa hapo mjini, hata zile za matawi ya mbali. Ukatokea ugomvi na meneja wa tawi, naye akakataa kuendelea kuwavunjia. Henty wakakasirika. Wakawaandikia wapangaji wao waraka wa sentensi moja: Henty & Sons wanatoa taarifa kwamba hawatapokea malipo kwa hundi za tawi lolote la Capital and Counties Bank.

Fikiria umeshika waraka huo mkononi mwaka ule. Oktoba 1878 City of Glasgow Bank ilikuwa imeanguka na kuwafilisi wanahisa wake wengi. Kila mwenye senti zake benki alikuwa na wasiwasi. Na sasa kampuni kubwa ya bia, watu wenye fedha, watu wanaojua mambo, wanasema hawataki hundi za benki fulani. Habari zikatoka kwa wapangaji zikafika mitaani, na wateja wakapanga foleni kutoa fedha zao. Benki ikashitaki. Ikasema waraka ule ulimaanisha kwamba benki imeishiwa, haiwezi kulipa.

Shauri lilipanda mpaka House of Lords, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, na mwaka 1882 benki ikashindwa. Majaji walio wengi walisema mtu anaweza kukataa hundi kwa sababu chungu nzima: usumbufu, umbali, ugomvi na meneja. Huko chini, katika Mahakama ya Rufani, Jaji Brett alikuwa ameshasema kwamba maneno yakiwa na tafsiri nyingi njema na moja mbaya, si haki kuidaka ile mbaya peke yake. Lord Penzance hakukubaliana na wenzake. Yeye aliona suala hilo lilistahili kuamuliwa na juri.

Mimi binafsi naona Penzance ndiye aliyekijua kijiwe. Lakini hofu ya wenzake nayo naielewa. Mwenye duka akibandika mlangoni karatasi kwamba hapokei malipo ya mtandao fulani wa simu, wewe unawaza nini? Labda makato yamemchosha, labda laini yake imefungwa, labda amekosana na wakala. Huwazi kwamba mtandao unafilisika. Na kama mahakama ingesema kila karatasi ya namna hiyo ni kashfa, hakuna mfanyabiashara ambaye angethubutu kuwaambia wateja wake lolote. Jambo jingine, na hili huwauma sana wanaoshitaki: foleni ile ya watu ilikuwa halisi, hasara ilikuwa halisi, na bado haikusaidia. Watu kuogopa hakuthibitishi kwamba maandishi yalisema cha kuogopesha. Pengine waliogopa kwa sababu ya Glasgow.

Kuna maana ya aina ya pili ambayo Waswahili hatuhitaji kufundishwa. Mwanamke anaanika kanga uani, imeandikwa, tuseme, "Wema wangu umeniponza". Wapita njia mia wataiona na kuona kanga tu. Jirani mmoja, aliyekopa fedha akagoma kulipa, ataisoma na kuingia ndani. Maneno ni yale yale, tofauti ni kile ambacho msomaji anakijua. Sheria inalitambua fumbo la namna hii: maneno yasiyo na ubaya machoni pa wote yanaweza kuwa kashfa kwa wale wenye ufunguo wake. Ila mdai ana kazi ya ziada. Lazima aueleze ufunguo wenyewe, na aonyeshe kuwa wako wasomaji waliokuwa nao. Benki dhidi ya Henty haikuwa na ufunguo wowote wa kuonyesha, ilikuwa na hofu ya jumla tu.

Aliyekuwa na ufunguo ni Chapman, mfundishaji wa farasi wa mashindano. Mwaka 1930 farasi aliyekuwa mikononi mwake, Don Pat, alishinda mbio huko Kempton Park, kisha ikagundulika kuwa alipewa dawa. Wasimamizi wa Jockey Club, chombo kilichokuwa kikiongoza mbio za farasi Uingereza wakati huo, walitangaza kwamba wameridhika kuwa farasi alipewa dawa kwa ajili ya mbio hizo, wamemfungia, na wamempiga marufuku Chapman, mfundishaji wake, kukanyaga viwanja vya Newmarket, kitovu cha mbio hizo. Tangazo likatoka katika gazeti lao rasmi, na pia katika The Times.

Lisome tena polepole. Halisemi kwamba Chapman ndiye aliyempa farasi dawa. Wasimamizi wenyewe walieleza kuwa kosa lake lilikuwa kushindwa kumlinda farasi aliyekabidhiwa. Lakini sentensi mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu, farasi kapewa dawa na mfundishaji kafukuzwa, na katika ulimwengu wa mbio kupigwa marufuku Newmarket ni fedheha isiyofutika. Juri walilielewa tangazo kama kijiwe kingelielewa, wakampa Chapman maelfu ya pauni. Katika rufaa ya 1932 mambo yakabadilika, lakini kwa sababu nyingine kabisa, nitaifikia. Nililotaka ulione hapa ni kazi ya ujirani wa sentensi. Hakuna sentensi iliyodanganya, ila zilipokaa pamoja zilizaa ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyosomwa.

Sasa tuje kwenye methali iliyo juu ya makala haya. Desemba 23, 1958, magazeti mawili ya London, Daily Telegraph na Daily Mail, yaliandika kwamba kikosi cha polisi cha makosa ya ulaghai kinachunguza shughuli za kampuni ya Rubber Improvement, iliyokuwa chini ya John Lewis, aliyewahi kuwa mbunge. Kwamba polisi walikuwa wanachunguza, hilo lilikuwa kweli. Lewis na kampuni yake wakashitaki wakisema wasomaji wameambiwa kuwa wao ni walaghai. Juri wakakubali, na fidia zilikuwa za kutisha kwa thamani ya fedha ya wakati ule: pauni 100,000 dhidi ya gazeti moja, pauni 117,000 dhidi ya jingine.

Hoja yote ya Lewis, ukiivua koti la Kiingereza, ni "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Polisi hawaamki asubuhi kukuchunguza bure. Na mtu wa kawaida, awe wa London au wa Kariakoo, ndivyo anavyofikiri, sivyo?

House of Lords ilisema sivyo, au angalau sivyo kiasi hicho. Lord Reid alieleza kwamba kati ya msomaji anayeshuku kila kitu na yule anayeamini kila kitu yupo wa katikati, na huyo ndiye wa kutafutwa. Huyu wa katikati akisoma kwamba polisi wanachunguza anaweza kuwaza kuwa kuna jambo, lakini hafungi hukumu. Lord Devlin naye alisema kwamba kama kila habari ya uchunguzi ingehesabiwa kuwa ni habari ya hatia, isingewezekana kuandika habari sahihi za uchunguzi wowote. Ila akaongeza tahadhari kwa upande wa pili: kuzungumzia tuhuma ovyo ovyo kunaweza kabisa kumfikisha msomaji kwenye hatia, hivyo yote yanategemea namna ilivyoandikwa. Lord Morris yeye alipinga, akaona juri wangeweza kuisoma hatia pale. Shauri likaamriwa lianze upya. Tazama basi: watu wenye akili nyingi kuliko wote nchini, wakiwa na karatasi moja mezani, wameshindwa kukubaliana mtu wa kawaida angeelewa nini.

Kutokana na kesi hiyo kukatokea ngazi tatu, ambazo Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilizipanga vizuri mwaka 2002 katika kesi ya Chase dhidi ya News Group Newspapers. Ngazi ya juu: amefanya. Ya kati: ipo sababu ya msingi ya kumshuku. Ya chini: ipo sababu ya kuchunguza kama amefanya. Tahadhari nyingi hukaa kati na chini, na kila ngazi ina ushahidi wake wa kuitetea. Hapo ndipo wengi huteleza. Mtu anaandika "jihadharini na huyu" akidhani amekaa salama ngazi ya chini kwa kuwa hakusema lolote la moja kwa moja, kumbe kitenzi alichotumia, rangi nyekundu aliyoiweka na alama tatu za mshangao vimempandisha mpaka juu. Na asifikiri kwamba "inasemekana" itamwokoa. Anayerudia uvumi husomwa kama aliyeusema yeye.

Kanusho husaidia, ila si siku zote. Kampuni ya Stubbs ya Uingereza ilikuwa ikichapisha gazeti lenye orodha ya watu ambao mahakama zilitoa amri za madeni dhidi yao. Juu ya orodha waliandika kwamba kuchapishwa kwa jina hakumaanishi mhusika hawezi kulipa. Mwaka 1913, katika kesi ya Russell aliyeingizwa kwenye orodha kwa makosa, House of Lords iliyahesabu maneno hayo ya juu, ikakataa kuisoma orodha kama tangazo la watu walioishiwa. Kanusho lile lilikuwa mahali ambapo jicho hulikuta kabla ya majina. Lile la herufi ndogo kama mchwa, chini kabisa, baada ya picha na neno TAPELI, linamsaidia mchapaji tu kulipwa wino.

Turudi kwa kijana wetu wa tai. Kesi za matangazo ya aina hii zimefika mahakamani Kenya na kwingineko, na matokeo hayafanani kwa sababu matangazo yenyewe hayafanani. Ukiligawa lile la mwanzo utaona mambo manne. "Si mfanyakazi wetu tena" peke yake ni habari, na kwa mkondo wa Henty haina sumu. "Haruhusiwi kupokea fedha" nayo ni habari, ila imechagua fedha kati ya mambo yote ambayo mfanyakazi wa zamani haruhusiwi kufanya. "Kwa hasara yake mwenyewe" inadokeza kwamba kuna hasara. Na picha je? Kwa macho ya msomaji wa Afrika Mashariki, picha ya pasipoti ndani ya mraba ni ya marehemu, ya mgombea, au ya mtu anayetafutwa. Kijana hajafa wala hagombei.

Wakili wa kampuni atasema kila kimoja kina sababu yake njema, na atakuwa sahihi. Wakili wa kijana atasema visomwe pamoja, kama alivyosomwa Chapman, naye atakuwa sahihi. Mimi ningekuwa jaji ningeanza na picha.

Lakini tuseme kijana ameshinda hatua hii, jaji amekubali kwamba tangazo linamwonyesha kuwa si mwaminifu. Bado kampuni ina mlango, na hapa ndipo ilipo ile sababu nyingine iliyobadilisha kesi ya Chapman. Sheria inatoa kinga kwa mtu mwenye wajibu wa kusema anaposema na mtu mwenye haja ya kusikia, hata kama alilosema likaja kuonekana si kweli, mradi hakulisema kwa chuki wala hila. Msingi huo uliwekwa mwaka 1834 katika kesi ya Toogood dhidi ya Spyring. Ni kinga ya kila siku: ndiyo inayomruhusu meneja kumwambia meneja mwenzake "huyo usimpe funguo za stoo".

Kinga hiyo inafuata masikio, si maneno. Katika Watt dhidi ya Longsdon, ya 1930, mkurugenzi wa kampuni alipokea barua kutoka Casablanca iliyomtuhumu Watt, mwenzake aliyekuwa kikazi huko, kwa ulevi na uasherati. Akampelekea barua hiyo mwenyekiti wa kampuni: mahakama ikasema sawa, mwenyekiti alihusika. Kisha akampelekea mke wa Watt, rafiki yake wa zamani, akiona ni wema kumwonya: hapo kinga ikakatika. Barua moja, wasomaji wawili, majibu mawili. Kwa Chapman ikawa vivyo hivyo. Tangazo katika gazeti rasmi la mbio lilikuwa na kinga, kwa kuwa wahusika wa mbio walikuwa na haja nalo na yeye mwenyewe alikubali masharti hayo alipochukua leseni. Tangazo hilo hilo ndani ya The Times, mbele ya umma mzima, halikuwa nayo.

Kampuni ya kijana wetu kwa hiyo itaulizwa: wateja waliozoea kumlipa mkononi walikuwa wangapi? Kama ni 40 na namba zao za simu mnazo, kwa nini mmewaambia watu nchi nzima? Kama alikuwa akizunguka mikoani kukusanya fedha kwa wenye maduka msiowajua hata majina, hapo gazeti ni sahihi, na huenda picha pia. Tangazo lililokuwa halali kwa muuza bidhaa wa kuzunguka linaweza kuwa kashfa kwa karani wa ofisini.

Hatari ikiwa ya haraka, mahakama hulegeza kamba. Katika Blackshaw dhidi ya Lord, ya 1984, Jaji Stephenson alisema hata tuhuma tupu huenda ikafaa kuchapishwa kwa wote palipo na hatari kwa umma, kama mshukiwa wa ugaidi au chakula na dawa zilizochafuliwa. Unga wenye sumukuvu haungoji uthibitisho wa mwisho. Deni la mteja mmoja linaweza kungoja.

Yote haya yalipangwa enzi za karatasi, na leo tahadhari nyingi hazipiti kwa mhariri yeyote. Kenya ina kundi la Facebook la Buyer Beware-Kenya, ambako watu huonyana kuhusu wauzaji na matapeli. Waendeshaji wake wawili walishitakiwa kwa jinai, chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kwa sababu ya maandishi juu ya mtu mmoja. Februari 6, 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba: kumfunga mtu jela kwa kashfa ni adhabu iliyopita kiasi wakati aliyekashifiwa anaweza kudai fidia. Miaka miwili baadaye, Machi 28, 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilikuta vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwemo vya kashfa ya jinai, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya.

Hukumu ya Nairobi mara nyingi hueleweka vibaya. Haikusema kwamba onyo la kundini haliwezi kuwa kashfa. Imefunga mlango wa jela wa kifungu cha 194 na kuuacha wazi ule wa fidia, na Kenya mlango huo una bei yake: tangu marekebisho ya sheria yao, anayemsingizia mtu kosa la kunyongwa hulipa fidia isiyopungua shilingi milioni 1, na kosa la kifungo cha kuanzia miaka mitatu isiyopungua 400,000. Ukimwita mtu mwizi kwenye simu yako, hesabu imeanza.

Na kwenye simu watu husomaje? Hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza Aprili 2019. Mwanamke alikuwa amemwandikia mpenzi mpya wa aliyekuwa mume wake, kwenye Facebook, kwamba mwanamume huyo aliwahi kujaribu kumkaba koo. Jaji wa kwanza alifungua kamusi. Akakuta neno la Kiingereza alilotumia lina maana mbili, kubana koo kwa maumivu au kuua kwa kubana. Akahesabu hivi: kubana kulifanyika, kwa hiyo aliyesema "alijaribu" lazima awe na maana ya kuua. Mahakama ya Juu ikasema hapana. Msomaji wa Facebook hapekui kamusi. Anapitisha kidole, anaona, anaelewa, anaendelea. Angeelewa tu kwamba alishikwa koo. Kiswahili kingewapunguzia kazi, maana "alinikaba" na "alitaka kuninyonga" tunazitenganisha hata kwenye hasira. Lakini onyo la hukumu ile linatuhusu: maneno ya haraka yapimwe kwa usomaji wa haraka, na usomaji huo unaweza kumwokoa mwandishi kama ulivyomwokoa mwanamke huyo, au kummaliza, kutegemea neno lililokaa mbele.

Siku hizi hata mashine zinatahadharisha. Programu ya simu inakuonyesha neno "tapeli" juu ya namba inayokupigia; ya kompyuta inakuambia faili hili ni tishio. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Tisa ya Marekani, katika mgogoro wa Enigma Software na Malwarebytes, ilisema kwamba kuiita programu ya mshindani "hasidi" au "tishio", katika fani ya usalama wa kompyuta, ni kudai jambo linaloweza kupimwa na kukanushwa, si maoni tu. Kuiita "huenda usiitake" ni maoni. Shauri lilikuwa la ushindani wa kibiashara, si kashfa hasa, lakini kalamu ni ile ile: ukisema jambo linaloweza kupimwa, jiandae kupimwa.

Niliwahi kukaa miezi kadhaa dawati la matangazo la gazeti moja, nikipokea karatasi za namna hii. Siku moja akaja ofisa utumishi na tahadhari ya mfanyakazi aliyeondoka. Ilikuwa imeandikwa "ametoroka kazini". Nikamuuliza kama kweli alitoroka. Akafikiri, akasema hapana, aliandika barua, ila aliondoka kabla ya mwezi wa notisi kuisha. Tukabadilisha ikawa "ameacha kazi". Nikamwomba aondoe na picha.

"Bila picha," akasema, "nani atamjua?"

Nikamuuliza wateja waliokuwa wakimlipa ni wangapi. Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukatosha. Kisha akafungua pochi, akalipia robo ukurasa, na picha yake.